Mali Bila Daftari: Kompyuta ya Chama na Namna ya Kuitunza



Katika toleo hili hatutaandika juu ya uchumaji wala uanikaji. Mambo hayo mnayajua, na wengi wenu mnayajua kuliko sisi tulioshika kalamu. Leo twataka kuzungumza juu ya chombo kilichokaa juu ya meza ya ofisi ya Chama, nacho ni kompyuta. Wako wanachama wasiopata kuigusa, na pengine watadhani kuwa habari hii ni ya makarani na vijana tu. Sivyo. Ndani ya chombo kile yameandikwa majina yenu, nambari za kadi zenu, hesabu ya mikarafuu yenu, na kila kilo mliyoifikisha mizanini. Yakipotea yaliyomo, hakikupotea chuma na kioo; imepotea hesabu ya jasho lenu.

Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twaona yafaa kuongeza kwamba daftari lenyewe, likikosa mwangalizi, nalo hupotea vilevile.

TULIYOYAONA KASULU NA KIBONDO

Baadhi yetu tulipata nafasi ya kusafiri bara mpaka nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, katika Wilaya za Kasulu na Kibondo, kutazama vyama vya wakulima wa huko vinavyoendesha kazi zao. Huko hakuna mkarafuu. Kuna kahawa, maharage, mihogo, tumbaku, na mizinga ya nyuki. Lakini mkulima wa kule na mkulima wa huku ni ndugu katika jambo moja: kila mmoja hupeleka mazao yake mizanini, hupewa stakabadhi, kisha hungojea malipo kwa imani kwamba aliyeandika ameandika sawa.

Vyama vya ushirika vya Tanzania Bara vimetakiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika kuweka taarifa zao katika mfumo wa kompyuta uitwao MUVU, yaani Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika. Basi karani wa kijijini, ambaye jana alikuwa na kalamu na daftari, leo amewekewa kompyuta mbele yake, na aghalabu hana wa kumfundisha ila jirani yake. Juu ya hayo, kwa miaka mingi miji ya Kasulu na Kibondo ilipata umeme wa majenereta ya dizeli, mpaka gridi ya Taifa ilipofika katika miaka hii ya 2020. Watu wa huko wamejua kufanya kazi huku umeme ukija na kuondoka, na kwa sababu hiyo tulipata kwao mafunzo mengi ambayo sisi wa visiwani, tuliozoea kulalamika tu, hatukuwa nayo.

Chama kimoja kilitusimulia msiba wake. Jina lake hatulitaji, kwani si adabu kumwaibisha aliyekukaribisha. Karani wake aliandika uzani wa kahawa ya wanachama, msimu mzima, katika faili moja, ndani ya kompyuta moja. Ilipofika Oktoba mvua za kwanza zikaanza. Jioni moja radi ikapiga, umeme ukakatika, kisha ukarudi kwa nguvu. Kompyuta haikuwaka tena. Nakala ilikuwako, lakini ilikuwa ya mwezi wa Agosti.

Wanachama wakaitwa walete stakabadhi zao. Wengi walikuwa nazo. Mama mmoja mtu mzima alifika na mfuko wa plastiki, na alipoufungua zikaonekana stakabadhi zake mbili zimeliwa na mchwa, hapasomeki kitu ila tarehe. Kamati ikakaa mchana kutwa ikiwauliza majirani waliobeba magunia pamoja naye siku ile. Mwisho alilipwa, lakini alilipwa baada ya wiki tano. Kwa siku hizo majirani zake walikuwa wamekwisha panda maharage, na yeye hana fedha ya mbegu.

Karani yule alituambia, "Sikupoteza kwa uvivu. Nilipoteza kwa sababu hakuna aliyeniambia." Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike haya, ili asiwepo karani wetu, wala mtoto wa mwanachama wetu mwenye kompyuta dukani au nyumbani, atakayesema hakuambiwa. Twaeleza kwa kompyuta zenye Windows, kwa kuwa ndizo nyingi maofisini.

KWANZA: HIFADHI KABLA MVUA HAIJANYESHA

Mtu aliyeanika karafuu hangojei tone la mvua ndipo akunje jamvi. Akiona wingu tu, huinuka. Na kompyuta ni vivyo hivyo. Yale unayoyaandika hukaa kwanza katika kumbukumbu ya muda, ambayo haiishi ila kwa umeme. Umeme ukikatika, yamekwenda. Ukiyahifadhi, huandikwa katika diski, na humo hukaa hata kompyuta ikizimwa.

Kwa hiyo shika desturi hii: kila ukimaliza kuandika mwanachama mmoja, bonyeza kitufe cha Ctrl pamoja na herufi S. Ni kazi ya nukta moja. Tena programu za Word na Excel zina mlinzi wake mwenyewe anayeweka nakala ya dharura kila baada ya dakika 10. Dakika 10 ni nyingi siku ya mizani. Fungua File, kisha Options, kisha Save, na palipoandikwa 10 andika 2.

Mwenye kompyuta ya mezani yafaa apate betri ya akiba, ile iitwayo UPS. Betri hiyo si ya kufanyia kazi usiku kucha; hukupa dakika chache tu za kuhifadhi na kuzima kwa taratibu. Na radi ikianza kunguruma usitegemee swichi wala UPS. Hifadhi, zima, kisha chomoa waya ukutani. Hivi ndivyo wafanyavyo Kibondo sasa, hata mtoto wa shule akiwa ofisini hujua kuchomoa.

PILI: KUZIMA SI SAWA NA KUWASHA UPYA

Wengi hudhani kwamba kompyuta ikileta ukaidi, dawa yake ni kuizima na kuiwasha. Katika Windows 10 na Windows 11 sivyo hasa. Kompyuta nyingi zimewekewa utaratibu wa kuwaka haraka, nao huifanya mashine, inapozimwa kwa Shut down, kuhifadhi sehemu ya hali yake ya jana ili asubuhi isianze mwanzo. Basi na kosa la jana hurudi nalo. Ukichagua Restart, mashine husahau yote na kuanza upya kabisa. Kwa hiyo mashine ikiwa nzito, au printa ikikataa kuchapa, jaribu Restart kwanza kabla ya kumwita fundi. Tumeona fundi akilipwa nauli ya kutoka mjini kwa kazi ya namna hiyo.

Na kamwe usizime kwa kuvuta waya huku mashine inafanya kazi. Kufanya hivyo ni kama kumnyang'anya karani daftari katikati ya mstari.

TATU: KOMPYUTA NZITO SI LAZIMA IWE MZEE

Mara nyingi uzito wa kompyuta hautoki katika umri wake, bali katika programu nyingi zinazoamka pamoja nayo kila asubuhi bila kuitwa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la kazi zinazoendelea. Tafuta sehemu iliyoandikwa Startup, nawe utaona orodha ya programu hizo. Iliyo ya kuchezea muziki au ya kuzungumza na marafiki, bonyeza juu yake, kisha chagua Disable. Huifuti, unaizuia tu isiamke kabla ya kuitwa. Lakini usiguse ile inayohusu ulinzi wa mashine, na usiyoijua iache kama ilivyo.

Kisha tazama nafasi ya diski. Fungua Settings, halafu System, halafu Storage, na ndani yake Temporary files. Hayo ni makapi ya kazi, na yaweza kufutwa. Ila angalia sana: katika orodha hiyo limo pia neno Downloads. Hilo si makapi. Humo ndimo zinamokaa barua na hati ulizopokea. Usiweke alama hapo mpaka umekwisha kutazama.

NNE: BANDO LISILIWE USIKU

Malalamiko makubwa tuliyoyasikia Kasulu ni yale yale ya hapa kwetu: karani ameunganisha kompyuta na simu yake, amenunua bando asubuhi, na kabla ya adhuhuri limekwisha, hali barua moja tu ndiyo iliyotumwa. Mwizi ni kompyuta yenyewe. Ikiona intaneti, hudhani ni ile isiyo na mwisho, ikaanza kuvuta masahihisho yake makubwa makubwa.

Dawa yake ni kuiambia kwamba intaneti hii hupimwa. Fungua Settings, kisha Network & Internet, chagua Wi-Fi unayotumia, ingia katika Properties, na washa palipoandikwa Metered connection. Tangu hapo mashine itajizuia, na itaacha sehemu kubwa ya masahihisho mpaka siku utakapoiruhusu. Lakini kujizuia si kuacha moja kwa moja. Mara moja kwa mwezi hapana budi kuipeleka mahali penye intaneti ya kutosha ikapate masahihisho yake, kwani ndiyo chanjo yake.

TANO: FLASHI NI KAMA GUNIA LA KUAZIMA

Gunia la kuazima halitiwi karafuu kabla ya kukung'utwa. Flashi iliyotoka katika duka la kuchapishia, au katika kompyuta ya mwenzio, yaweza kuwa na virusi. Kabla ya kufungua kilichomo, bonyeza juu yake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha chagua kuichunguza kwa Microsoft Defender. Mlinzi huyu huja na Windows bila malipo, na kwa kazi zetu anatosha, ilimradi anapata masahihisho.

Kuna hila moja inayofaa kujulikana. Faili huwa na jina na mkia. Mkia wa hati ni kama docx au pdf. Mkia wa programu ni exe. Windows huficha mikia hiyo, na wadanganyifu hufaidika kwa hilo: huleta faili iitwayo Malipo.pdf.exe, nawe huona Malipo.pdf tu, ukaifungua ukidhani ni hati. Katika Windows 11 fungua dirisha la mafaili, bonyeza View, kisha Show, kisha File name extensions. Katika Windows 10 utaikuta moja kwa moja ndani ya View. Tangu siku hiyo utaona kila mkia. Hati yoyote yenye mkia wa exe si hati.

SITA: VITUFE VICHACHE VYA KUOKOA MUDA

Ctrl na Z hurudisha ulichokosea. Karani aliyefuta safu nzima asitoke jasho. Abonyeze hivyo, itarudi.

Ctrl na F hutafuta jina. Katika daftari la wanachama mia nane hakuna haja ya kupekua mstari kwa mstari huku mwanachama amesimama juani.

Kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na V huonyesha mambo kadhaa uliyonakili, si la mwisho peke yake. Mara ya kwanza utaulizwa kama wataka kukiwasha, kubali. Ila usinakili neno la siri kwa njia hiyo, kwani litaonekana na atakayekaa baada yako.

Kitufe hicho cha dirisha pamoja na L hufunga mashine papo hapo. Ukitoka kwenda kusali au kupokea mzigo, ifunge. Haiwi kwamba tunawashuku watu. Lakini daftari la mizani halikuachwa wazi hata zamani za karatasi.

SABA: MACHO NA LUGHA

Wajumbe wengi wa Kamati ni watu wazima, na twajua baadhi yao husaini waliyosomewa kwa kuwa maandishi ya kwenye kioo ni madogo. Hili si jema. Fungua Settings, kisha Accessibility, kisha Text size, na sogeza alama mpaka macho yaridhike. Katika Windows 10 sehemu hiyo huitwa Ease of Access. Au bonyeza kitufe cha dirisha pamoja na alama ya kujumlisha, kioo kizima kitakuzwa. Mwenye dhamana ya fedha za watu na asome mwenyewe.

Tena Windows 10 yaweza kusema Kiswahili. Katika Settings ingia Time & language, kisha Language, ongeza Kiswahili, menyu nyingi zitageuka. Lugha yetu si mgeni katika mambo haya: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu ya ofisi ya Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice. Na hiyo ni katika nchi ambayo mwaka 1974 Serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta. Mambo hubadilika, na mwenye kuchelewa kujifunza hubaki akiwategemea wengine.

NANE: HABARI YA WINDOWS 10

Hili ndilo jambo ambalo halifai kuahirishwa. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuitengeneza Windows 10. Mashine yenye Windows hiyo haikuzimika siku ile. Iliendelea kuwaka kama kawaida, na ndiyo sababu watu wengi hawakujua. Lakini chanjo ilikwisha. Kila ufa mpya utakaogunduliwa na wezi utabaki wazi. Kwa watu binafsi palitolewa nafasi ya kujiandikisha ili wapate masahihisho ya usalama mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, na nafasi hiyo ni ya kuvukia tu, si ya kukaa.

Windows 11 hutolewa bila malipo kwa mwenye Windows 10 halali, lakini si kila mashine inaipokea. Hutaka kumbukumbu ya GB 4 kwa uchache, diski ya GB 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kichakataji kisicho cha zamani sana. Kwa vile vya Intel, aghalabu kuanzia kizazi cha 8. Kompyuta nyingi zilizotumika zinazouzwa kwa bei nafuu hazifiki hapo. Basi mwanachama akienda kumnunulia mwanawe kompyuta, asiulize bei tu. Aulize: je, inapokea Windows 11? Muuzaji akisitasita, atafute duka jingine.

Asiyeweza kununua nyingine asiitupe ya zamani. Yaweza kuwekewa Linux, ambayo haina malipo. Au itumike kwa kuandika tu, bila kuunganishwa na intaneti wala kushika mambo ya fedha.

TISA: NAKALA TATU

Yote tuliyoyasema yakisahauliwa, hili lisisahauliwe. Daftari la Chama liwe na nakala tatu: moja ndani ya kompyuta, ya pili katika diski ya nje au flashi inayofungiwa kabatini, na ya tatu iwe mbali na ofisi, ama katika hifadhi ya intaneti, ama katika nyumba ya mjumbe mwingine. Ofisi ikiungua, kompyuta na kabati vitaungua pamoja. Ile ya mbali itabaki. Kila nakala iandikwe tarehe, na mara moja kwa mwezi ifunguliwe kuonekana kama inafunguka, kwani nakala isiyofunguka si nakala.

Chama kile cha Kibondo sasa hufanya hivyo kila Ijumaa alasiri. Karani hutia sahihi katika daftari la karatasi kwamba nakala imefanywa, na mweka hazina hutia ya pili. Haichukui robo saa.

NA SISI JE?

Hatungeweza kuandika haya bila kutazama nyumbani kwetu. Tuliporudi tulikwenda ofisini tukauliza, "Nakala iko wapi?" Tukajibiwa kwamba ipo. Ilikuwa katika flashi moja, na flashi ilikuwa katika mfuko wa suruali ya karani, pamoja na funguo za baiskeli. Tulipoifungua, uzani wa mwisho ulikuwa wa wiki sita nyuma. Kompyuta yenyewe ilikuwa bado ina Windows 10. Kosa hilo si la karani. Ni letu sisi wa Kamati, ambao hatukumwuliza hata siku moja.

Siku ile ile nakala tatu zilifanywa, na utaratibu wa Ijumaa umekwisha anza. Kamati italeta mbele ya Mkutano Mkuu shauri la kununua betri ya akiba na kuipima mashine kama itapokea Windows 11, kabla ya msimu kuanza. Twaomba kila mwanachama afanye mambo mawili. La kwanza, atunze stakabadhi zake katika bati au chupa yenye kifuniko, wala si katika mfuko ukutani, kwa sababu mchwa wako huku kama walivyo kule. La pili, akifika ofisini asione haya kuuliza, "Bwana Karani, nakala ya Ijumaa imefanywa?" Na karani asichukie kuulizwa. Mwenye mali huuliza mali yake.

Tunawatakia kheri, jua la kutosha wakati wa kuanika, na mavuno mema.